Vifaa vya kuchora na kupaka rangi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3

Mtoto wa umri huu hashiki krayoni kwa vidole vitatu. Huikamata kwa ngumi, na mstari wake hutoka begani. Kila anachokishika pia hupitia mdomoni. Chagua vifaa kwa kuangalia ngumi na mdomo huo. Boksi la krayoni nyembamba 24 linapendeza machoni pa mzazi, lakini zitakatika siku ya kwanza, na vipande utavitafuta mdomoni.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni kile kigogo cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, chenye upana wa takriban sentimita 4. Kitu kinachoingia chote ndani yake bila kutokeza kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kwa hiyo shanga, vifungo, macho ya plastiki na vipambo vya kumetameta viache kwanza.

Maneno "haina sumu" pekee yasikutoshe. Geuza boksi usome. Kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea ni EN 71. Kwenye bidhaa za Marekani utakuta ASTM D-4236, na hapa wengi hukosea: maandishi hayo yanamaanisha kwamba bidhaa imepimwa na hatari zake, kama zipo, zimeandikwa kwenye lebo. Hayasemi kwamba ni salama kwa mtoto. Alama ya AP (Approved Product), ya taasisi ya Marekani ya vifaa vya sanaa, ndiyo inayothibitisha kwamba haina sumu. Ukiona duara lenye uso wa mtoto na namba 0–3 lililopigwa mstari, rudisha rafuni hata kama muuzaji anasema haina neno.

Krayoni ndizo za kuanza nazo. Tafuta zenye unene wa milimita 12 au zaidi, au zile za umbo la yai zinazojaa kiganjani. Zenye pande tatu hazibingiriki mezani, na hilo hukupunguzia kuinama. Zijaribu kwa kuchora bila kukandamiza: zikiacha alama hafifu, nta yake ni ngumu, na mtoto ataona anasugua bure. Bandua karatasi iliyozizunguka, la sivyo ataibandua mwenyewe na kuitafuna. Kuna ushauri wa kuzivunja vipande vifupi ili mtoto ajifunze kutumia vidole. Huo ni wa mtoto mkubwa zaidi. Kwa huyu ni kumwandalia cha kumkaba koo.

Makapeni, yaani kalamu nene za wino wa rangi, yawe ya maji, yanayofulika. Fungua unuse: harufu kali inayopanda puani ni ya kemikali za kuyeyushia wino, na wino huo hautoki kwenye nguo wala ukutani. Chagua yenye ncha nene ya mviringo, kwa sababu mtoto hugongagonga na ncha nyembamba huzama ndani ya kalamu. Vifuniko vyenye tundu la kupitisha hewa ni bora, lakini tundu hilo hupunguza hatari tu. Vifuniko vishike wewe.

Rangi ya kupaka iwe nzito, tayari kwa matumizi na inayofulika. Rangi za vidonge zinazohitaji kuloweshwa hazimfai bado: atachoma kidonge kwa brashi mpaka nywele zitawanyike, na karatasini hazitaonekana. Rangi ya akriliki usinunue kabisa. Ikikauka inakuwa plastiki, na shati limekwenda.

Mpe rangi mbili tu kwa wakati mmoja, kijiko cha chai kimoja kimoja kwenye sahani bapa. Leo nyekundu na njano, siku nyingine njano na bluu. Zikichanganyika hutoa machungwa au kijani. Ukimpa zote tatu, baada ya dakika chache ana tope la kahawia, naye anaacha.

Rangi ya kupaka kwa vidole unaweza kuipika. Koroga nusu kikombe cha wanga wa mahindi katika nusu kikombe cha maji baridi. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, mimina ule mchanganyiko wa wanga ndani yake huku ukikoroga, kisha rudisha kwenye moto mdogo dakika 2 au 3 mpaka uji uwe mzito na ung'ae. Ukitia wanga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto, unapata madonge: nje huiva na kuziba, ndani hubaki unga. Ikipoa, gawa na tia matone ya rangi ya chakula. Weka kwenye friji, na baada ya siku 4 tupa hata kama haijanuka. Rangi ya chakula hushika vidoleni kwa siku moja hivi, basi usishtuke.

Brashi: mpini mfupi na mnene, nywele ngumu fupi, upana wa sentimita 2 hadi 3. Zivute kidogo kabla ya kulipa. Zikitoka mkononi mwako, zitatoka na mdomoni mwake. Brashi mpya ya fundi rangi ya upana huo inafaa vilevile.

Kwa krayoni, karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba inatosha. Rangi ya maji huilowesha ikachanika, hivyo tafuta ya gramu 160 au zaidi, au pasua boksi la katoni. Iwe A3 au kubwa zaidi, maana mkono unaotoka begani haukai kwenye karatasi ndogo. Ibandike pembe zote nne kwa utepe, kwani mkono wa pili bado haujui kazi ya kushikilia.

Mkasi na gundi vingoje hadi akaribie miaka 3, na hata hapo mkasi uwe wa ncha butu, na gundi iwe ya maji.

Nguo ikipakwa, isuuze kwa maji baridi kabla rangi haijakauka. Krayoni iliyochakaa hadi kuingia yote ndani ya kile kigogo, itoe siku hiyohiyo.