Somo: Kukata Vipande vya Mbao Visivyo na Umbo Sawa

Ubao ulionyooka hutulia wenyewe juu ya meza ya msumeno, lakini tawi au kigogo cha mviringo hugusa meza sehemu chache tu, na meno yanapokiuma huzunguka kabla mkono haujawahi kukizuia. Niliwahi kushika kigogo kwa mkono mtupu. Kilijiviringisha kidogo tu, na utepe wa msumeno, yaani ukanda wa chuma wenye meno, ukakatika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukipatia kipande kitako.

Hatua ya 1. Ondoa misumari, mawe na gome lililolegea. Kiweke kipande mezani, ukibonyeze kila pembe. Kikicheza, usikikate kilivyo.

Hatua ya 2. Kigogo cha mviringo kilaze ndani ya mfereji wenye umbo la V, uliochongwa kwenye ubao mnene kwa pande mbili za nyuzi 45, kisha ukikaze kwa skrubu zilizo mbali na njia ya meno. Tawi lililopinda lifunge juu ya plaiwudi yenye ukingo ulionyooka, na mianya yote ijazwe kabari, kwa kuwa ukingo huo ndio utakaoongoza mkato badala ya tawi lenyewe.

Hatua ya 3. Nikiwa na hiari, huchagua msumeno wa mkanda, ule wenye utepe unaozunguka kama mkanda, kwa sababu meno yake huvuta mti chini kuelekea mezani, ilhali meno ya nyuma ya msumeno wa mviringo wa mezani, ule wenye sahani ya meno, hupanda juu na yanaweza kumrushia fundi kipande.

Hatua ya 4. Vaa miwani, vua glavu, simama kando ya mstari wa mkato, na usukume kwa kijiti.

Maswali

Fundi, ubao wangu umebonyea katikati kama mtumbwi. Niulaze vipi?

Uso uliobonyea uelekee chini, ili kingo zote mbili ziegemee meza. Hata hivyo, ni heri kuusawazisha uso mmoja kwa randa kwanza, maana nusu mbili zikitengana huweza kushuka na kuubana msumeno.

Je, kipande kidogo kama kidole?

Kikate kingali sehemu ya ubao mkubwa. Kama kimeshatengana, kibane kwenye jiliwa na utumie msumeno wa mkono, ambao kwa kazi hiyo hauchukui hata dakika mbili.