Imperfecto ya Kihispania: mtego wa "nilikuwa naishi"

Kwa mnaojiandaa na DELE A2 (mtihani wa Kihispania) au mahojiano ya makaratasi Hispania, miisho ya imperfecto, yaani wakati uliopita wa mazoea au wa jambo lililokuwa likiendelea, ni kazi ya jioni moja. Trabajar (kufanya kazi): trabajaba, trabajabas, trabajaba, trabajábamos, trabajabais, trabajaban. Vya -er na -ir vina miisho yao ya pamoja, mfano vivir (kuishi): vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Vikaidi ni vitatu tu: ser, ir na ver. Andika -aba kwa b, na alama ya í usiiache.

Balaa liko kwingine. Sisi -li- inatubebea yote, mazoea na jambo lililokwisha. Mhispania anakulazimisha uchague. Basi mtu anajiwekea kanuni: kila "nilikuwa na-" ni imperfecto. Hapo ndipo anaponasa. Ukitaja muda uliohesabika na kufungwa, imperfecto haikai. "Nilikuwa naishi Mwanza miaka 10" ni viví diez años en Mwanza. Hata ingekuwa miaka 40, bado ni viví. Vivía ni ya hali iliyokuwa ikiendelea wakati jambo jingine linatokea: cuando vivía en Mwanza, conocí a mi mujer (nilipokuwa naishi Mwanza, nilikutana na mke wangu). Au ya mazoea: los domingos comíamos en casa de mi abuela (Jumapili tulikuwa tunakula kwa bibi).

Kibaya zaidi ni kuitumia kwa jambo ambalo bado lipo. Afisa wa uhamiaji akikuuliza umekaa Almería muda gani, ukajibu vivía, umemwambia ulishahama, na maombi ya arraigo (kibali cha kuishi kwa aliyekwisha kukaa Hispania) yanataka ukaaji usiokatika. Sema vivo aquí desde 2021 (naishi hapa tangu 2021). Kwa daktari pia: tomaba esta pastilla (nilikuwa nameza kidonge hiki) maana yake dawa umeshaiacha. Kama bado unaimeza, sema tomo. Narudia: kinachoendelea hadi leo hakiendi imperfecto.

Halafu kuna suala la nani. Ni- na a- zetu hazichanganyiki, lakini trabajaba ni mimi na ni yeye pia. Walimu wanakufundisha kuacha yo (mimi). Mbele ya anayeandika maelezo yako, itaje: yo trabajaba, mi hermano estudiaba (mimi nilikuwa nafanya kazi, kaka yangu alikuwa anasoma). Ukiwa Sevilla au Málaga ongeza tahadhari, kwani huko s ya mwisho humezwa na trabajabas nayo inasikika trabajaba.

Nanyi ndugu wa nyumbani mnaotuma sauti kwamba Kihispania ni mteremko kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa, tunawapenda, ila mmesahau mkazo. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na trabajaba na vivía zinakubali. Kwenye "sisi" mkazo unarudi nyuma: tra-ba-JÁ-ba-mos, vi-VÍ-a-mos. Ukisema trabajaBÁmos unamwacha mtu akukodolee macho.

Faraja ipo: vitenzi vinavyosumbua wakati uliopo hapa vimetulia. Quiero (nataka), tengo (nina) na puedo (naweza) vinakuwa quería, tenía, podía, bila kupinda. Na quería ina kazi ya ziada dirishani. Wahispania hawana mlolongo wa salamu kama wetu, na karani anaweza kuonekana mkavu, lakini heshima wanayo. Wameiweka kwenye kitenzi. Ukifika kaunta: buenos días, quería pedir cita (habari za asubuhi, nilitaka kuomba miadi). Quiero si tusi, ila inasikika kama unadai.