Jinsi ya kuchagua meli ya kitalii kwa safari ya kwanza na watoto, ukiwa Mombasa

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwetu huja na jina la meli mkononi. Wameiona kwenye simu: ina mabomba ya kuteleza na maji, ina uwanja wa barafu, inabeba watu zaidi ya elfu saba. Wanachotaka ni bei tu. Mimi huanza na maswali mawili: mtoto wenu mdogo kabisa ana umri gani, na mna pasipoti na viza za wapi? Wakishajibu, nusu ya meli walizokuwa nazo kichwani huwa zimeshatoka, na hatujafungua picha hata moja. Kwa hiyo nitafuata mpangilio huohuo hapa.

Lakini kwanza tumalize suala la meli za Kilindini, maana kila kaskazi ikianza kuvuma naulizwa: mbona tusipandie hapa hapa? Jengo la abiria lipo, gati namba moja, na meli zinafunga gati hapo. Tatizo ni kwamba nyingi huwa katikati ya safari ndefu. Abiria wamepandia bara jingine na wanashuka Mombasa kwa siku moja wakaone Fort Jesus au waende Tsavo. Tena nyingi hazikutengenezwa kwa watoto. Nautica, ambayo imewahi kufika hapa, ni meli ndogo na ya starehe, lakini haina klabu ya watoto. Mtoto wa miaka saba angechoka nayo siku ya pili, na tangu Januari 2026 kampuni yake, Oceania, haipokei tena maombi mapya ya walio chini ya miaka 18. Basi weka akilini tangu mwanzo kwamba kuna tiketi za ndege kabla ya meli.

Hatua ya 1: Anza na mtoto mdogo kabisa

Kampuni nyingi kubwa, Royal Caribbean ikiwemo, hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa safari zenye siku nyingi mfululizo za baharini, kama kuvuka Atlantiki, umri huo hupanda hadi miezi 12. Kinachohesabiwa ni umri wa mtoto siku ya kupanda meli, si siku unayolipa.

Halafu kuna nepi. Klabu za watoto, zile anazoachwa na walezi nawe ukapumua kidogo, kwa kawaida huanza miaka mitatu, na sharti mtoto awe ameacha nepi. Meli nyingi pia haziruhusu mtoto wa nepi kuingia bwawani, hata ile nepi ya kuogelea. Anaruhusiwa tu kwenye sehemu ya kurukiwa na maji, ikiwa ipo. Familia yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu ikilipia meli yenye mabwawa sita, huyo mdogo atakuwa mtazamaji. Kwa umri huo tafuta meli yenye chumba cha watoto wachanga. Kama hakuna, ahirisha mwaka mmoja; mimi huwaambia wateja hivyo waziwazi ingawa inaninyima biashara.

Wakubwa nao wana mipaka yao. Mabomba mengi ya kuteleza hudai urefu wa sentimita 107 au 122. Mpime mtoto nyumbani kabla hujamwahidi. Wenye miaka 12 au 13 na kuendelea huwa na klabu yao peke yao, na ukweli ni kwamba huyo ndiye atakayeamua kama safari ilikuwa nzuri au la. Mtoto wa darasa la tatu hufurahia hata lifti.

Mama mjamzito: meli nyingi hazimpokei akifikisha wiki 24 wakati wowote wa safari. Na angalieni majina ya kampuni, kwani Virgin Voyages, kwa mfano, hupokea watu wa miaka 18 na zaidi tu.

Hatua ya 2: Pasipoti, viza na kalenda ya shule

Hapa ndipo safari nyingi huvunjika, kwa hiyo sitapita haraka.

Likizo ndefu ya shule zetu, Novemba hadi mwanzoni mwa Januari, inaangukia vizuri: ndio msimu wa meli za Durban na za Ghuba. Novemba bei huwa nafuu kuliko wiki ya Krismasi. Likizo ya Agosti inakupeleka Mediterania, wakati ambao Wazungu nao wamefunga shule. Joto kali, watu wengi, bei juu.

Durban ndiko ninakowapeleka wengi wanaoanza. Tangu 1 Januari 2023 Mkenya hahitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Unasafiri kwa ndege kupitia Johannesburg, na meli za kampuni ya MSC hufanya safari fupi za siku tatu au nne kwenda Pomene, Msumbiji. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya kiapo ya mwenzake iliyopigwa muhuri na wakili. Cheti cha homa ya manjano ni lazima, na huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya kuondoka. Watoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hawachanjwi. Muulizeni daktari kabla ya kulipa chochote.

Ghuba ni karibu: flydubai ilianza kuruka Mombasa Januari 2024. Lakini ukipandia Dubai, meli ikatoka kwenda Oman au Qatar kisha ikarudi, umetoka nchini ukaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ulizia ya kuingia mara nyingi, kwa kila mmoja, mtoto wa mgongoni akiwemo. Jambo jingine ni usalama: tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zimekuwa zikibadilisha njia na misimu ya upande huo. Usilipe tiketi ya ndege isiyorudishwa kwa safari iliyo mbali mwaka mzima.

Singapore ni mbali na nauli ya ndege inauma, ila Mkenya anaingia bila viza kwa matembezi mafupi, na meli za huko zimezoea familia za Kiasia za babu, bibi na wajukuu pamoja. Mediterania ni viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari, na meli ikigusa Tunisia au Uturuki katikati, hapo tena unahitaji viza ya kuingia mara nyingi.

Hatua ya 3: Pima nafasi, si ukubwa

Kila meli ina namba mbili zinazopatikana kirahisi mtandaoni: tani za ujazo, zinazoandikwa GT (ni kipimo cha nafasi ya ndani, si uzito), na idadi ya abiria wakikaa wawili wawili chumbani. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa chini ya 30, jiandae kupanga foleni ya chai. Kati ya 35 na 40 ni sawa. Zaidi ya 40 mtu anapata pa kukaa.

Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024, ina GT 248,663 na abiria 5,610: jibu ni 44. MSC Musica ina 92,409 kwa 2,550: kama 36. Nautica niliyoitaja juu, 30,277 kwa 684, nayo inapata 44, sawa na ile kubwa kabisa. Kwa hiyo meli kubwa si lazima iwe na msongamano, na hesabu hii pekee haikuambii kama mtoto ana pa kucheza. Itumie kulinganisha meli zilizokwisha kupita hatua ya kwanza. Kumbuka pia kwamba wakati wa likizo vitanda vya tatu na vya nne hujaa, na meli ya abiria 5,610 huweza kubeba mpaka 7,600.

Kwa mara ya kwanza mimi hupendelea meli ya ukubwa wa kati. Kwenye ile kubwa sana, kutoka chumbani hadi klabu ya watoto ni mwendo, na ukisahau nepi ni mwendo tena.

Hatua ya 4: Soma ratiba kwa jicho la bandari

Usiku tatu hadi tano zinatosha kujua kama familia yenu ni watu wa meli, japo ukisafiri mpaka Ulaya au Singapore, saba ndizo zinazolipa nauli ya ndege.

Tangazo likisema Roma, meli inafunga Civitavecchia, kilomita kama 80 kutoka mjini. Likisema Florence, ni Livorno. Na watoto wadogo, hiyo ni saa moja na zaidi ya basi au treni kwenda, na nyingine kurudi, huku meli haitawasubiri. Tazama pia kama meli inafunga gati au inatia nanga nje na kuwavusha abiria kwa boti. Kigari cha mtoto na boti havipatani.

Kuhusu mawimbi: Ghuba kwa kawaida ni shwari. Pwani ya Durban ina mkondo wa Agulhas, na upepo ukigongana nao chombo kinakwenda mrama kweli. Mtu ambaye hulevywa na bahari hata kwenye boti ya kwenda Wasini asianze na njia hiyo, au aongee na daktari mapema kuhusu dawa, hasa za watoto.

Hatua ya 5: Chumba

Familia zetu ni kubwa na vyumba vya meli havijui hilo. Vingi huishia watu wanne, wawili wakilala vitanda vya juu vinavyokunjuliwa ukutani. Mtoto mchanga huhesabiwa kama mtu kamili, hata akilala kifuani kwa mama. Mkiwa watano, chukueni vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Vyumba viwili vya ndani visivyo na dirisha mara nyingi havipishani sana bei na kimoja chenye roshani, na mnapata vyoo viwili. Watu wakiwa watano, choo cha pili ni kitu cha thamani. Kampuni nyingi hudai mtu mzima kwenye kila chumba, kwa hiyo baba aandikishwe kimoja na mama kingine. Usiku mtajipanga mnavyotaka.

Mahali pa chumba: katikati ya meli, sitaha za chini. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu anaelewa. Fungua ramani ya sitaha uone kilicho juu na chini yako. Juu ya ukumbi wa muziki hamtalala, na chini ya bwawa mtasikia viti vikiburutwa alfajiri. Roshani ni tamu, lakini ukiwa na mtoto wa miaka miwili hadi minne, viti na meza viingizwe ndani kila mlango unapofunguliwa, kwa sababu anapanda.

Hatua ya 6: Chakula

Wateja wangu wengi ni Waislamu, kwa hiyo swali la halali huja mapema. Kwenye meli nyingi za Ulaya na Marekani chakula cha halali hupatikana kwa kuomba, na ombi liandikwe wiki kadhaa kabla, si kumwambia mhudumu siku ya kwanza. Genting Dream ya Singapore imejipanga vizuri zaidi upande huo. AROYA, meli ya Saudia iliyoanza safari kutoka Jeddah Desemba 2024, haiuzi pombe kabisa na ina sehemu za kuswalia na za wanawake peke yao. Si familia zote zitaipenda, lakini bibi yenu huenda akakubali kusafiri kwa sababu yake.

Chakula cha jioni kikipangwa kwa zamu mbili, chagueni ya mapema, karibu saa kumi na mbili. Ya pili huanza saa mbili au zaidi, na watoto watalala juu ya sahani.

Hatua ya 7: Hesabu yote, si bei ya tangazo

Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja. Mtoto wa kitanda cha tatu au cha nne hulipa pungufu, na katika ofa fulani, MSC hasa, hulipa kodi za bandari tu. Ongeza bakshishi inayotozwa kila siku kwa kila mtu. Tukichukua dola 16, watu wanne kwa usiku saba ni dola 448, na nyingi hutozwa hata kwa watoto, japo kampuni nyingine hukata nusu. Intaneti ni juu yako. Soda na kahawa za mgahawani ni juu yako, ilhali maji, chai na kahawa ya kawaida kwenye chakula cha kujihudumia ni bure. Bima ya safari iwe inayolipa matibabu na kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Daktari wa melini anatoza, na si kidogo.

Ukipata jumla, igawanye kwa idadi ya usiku, kisha linganisha na hoteli ya Diani ya kila kitu ndani. Kuna familia huishia Diani, na hazijuti.

Hatua ya 8: Siku ya kupanda

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Mlango wa meli hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla ya kung'oa nanga, na ndege ikichelewa hakuna wa kukusubiri. Mizigo mikubwa huchukuliwa gatini na kuletwa chumbani jioni, kwa hiyo begi la mkononi liwe na pasipoti, dawa, nepi na nguo za kuogelea. Watoto wataliona bwawa saa ile ile mtakayoingia. Kabla ya kuondoka kuna zoezi la dharura na ni lazima kwa wote, mtoto anayelia akiwemo.

Ndege ya kurudi isiwe ya asubuhi. Meli ikifunga gati alfajiri, familia yenye watoto na mabegi hutoka bandarini saa tatu au saa nne, na baada ya hapo bado kuna foleni ya teksi.