Amplifaya ya Valvu kwa Hedifoni za Umeme Tuli: Kuijenga na Kuitafutia Hitilafu

Hedifoni za umeme tuli, kama zile za Stax kutoka Japani, hazina sumaku wala koili. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha plastiki, kimewambwa katikati ya bamba mbili zenye matundu ziitwazo stata. Kiwambo hupewa volti ya kudumu, ndiyo bayasi, na stata hupokea sauti kwa kupokezana: moja ikipanda, mwenzake anashuka. Kwa amplifaya, huo wote ni mzigo wa kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya pF 110 hivi pamoja na kebo. Unataka volti nyingi na mkondo kidogo, na hiyo ndiyo kazi ambayo valvu, yaani taa ya kioo isiyo na hewa inayokuza mawimbi ya umeme, huifanya vizuri bila transfoma ya kutolea sauti, kifaa ghali kuliko vyote katika amplifaya za valvu za spika.

Mchoro tunaoueleza hapa una hatua mbili tu kwa kila upande (kushoto na kulia), hauna mrejesho wowote (kurudisha sehemu ya mtoko kwenye mwingilio), na sauti inatoka kupitia kapasita. Ipo michoro inayounganisha anodi (mguu wa valvu unaotoa sauti) moja kwa moja na stata, na inasikika vizuri sana, lakini valvu ikiharibika stata hupokea mamia ya volti papo hapo. Kwa anayejenga mara ya kwanza, kapasita ni kinga ambayo haifai kuiacha.

Tahadhari kabla ya chuma cha kulehemu

Ndani ya kasha hili kuna volti 400, na sehemu ya bayasi hufika karibu 850. Mkondo wake unatosha kuua. Kasha liwe la chuma na liunganishwe na waya wa ethi kwa boliti yake peke yake. Pima kwa mkono mmoja, mwingine uwe mfukoni. Baada ya kuzima, usiguse kitu mpaka mita ionyeshe chini ya volti 10 kwenye kila kapasita kubwa.

Umeme wa kulisha

Matumizi ni madogo: karibu 28 mA kwa pande zote mbili. Tafuta transfoma yenye koili ya volti 300 (60 mA au zaidi) na koili ya hita (waya wa kupasha valvu moto) ya 6.3 V, 3 A. Volti 300 zipite kwenye daraja la dayodi nne za 1N4007, kapasita ya 100 µF, rezista ya 680 Ω 5 W, kisha 100 µF nyingine. Utapata karibu volti 405. Kapasita hizo ziwe za volti 500. Za volti 450 zinabaki bila akiba, hasa Kenya ambako umeme wa ukutani ni 240 V na transfoma imesukwa kwa 230. Sambamba na kapasita ya pili weka rezista ya 100 kΩ 5 W ya kumwaga chaji: ndani ya dakika moja volti hushuka chini ya 50.

Upande hasi wa volti 150 unatoka kwenye transfoma ndogo ya 230 hadi 115 V, daraja jingine, na kichujio cha 100 µF, 470 Ω, 100 µF, zote za volti 250. Nao pia upewe rezista ya 100 kΩ ya kumwaga chaji, 1 W. Hapa kuna mtego. Vibadilisha-umeme vingi vinavyouzwa kwa ajili ya vifaa vya Marekani na Japani vina koili moja tu iliyotolewa tawi katikati, kwa hiyo mtoko wake umeshikana na waya wa moto wa ukutani. Pima ohmu kati ya waya za kuingilia na za kutokea: zikionekana kuungana, hicho hakifai hata kidogo.

Bayasi

Hedifoni za Stax za kiwango cha Pro zina plagi ya pini tano na hutaka volti 580. Zile za zamani za kiwango cha kawaida zina pini sita na hutaka 230. Ya Pro ikipewa 230 itasikika chini kwa dB 8 hivi bila madhara. Ya kawaida ikipewa 580, kiwambo kinaweza kunata kwenye stata na cheche zikakitoboa.

Chukua waya mmoja wa koili ya volti 300, pitisha kwenye kapasita ya 0.1 µF 1000 V. Kutoka laini ya 405 V weka dayodi inayoelekea upande wa pili wa kapasita hiyo, na kutoka hapo dayodi nyingine inayoingia kwenye kapasita ya 0.1 µF 1600 V iliyoshuka ethi. Hapo utapata karibu volti 840 bila mzigo. Fuatisha rezista mbili za 220 kΩ kwa mstari, kisha mnyororo wa zena (dayodi za kushikilia volti mahali pamoja) tano za 1N4764A (volti 100 kila moja) na moja ya 1N4762A (volti 82): jumla 582. Juu ya mnyororo weka rezista mbili za 4.7 MΩ kwa mstari kwenda ethi, la sivyo volti zitabaki humo muda mrefu baada ya kuzima. Kutoka hapo hapo, rezista nyingine ya 4.7 MΩ ndiyo inayokwenda kwenye pini ya bayasi. Usiipunguze. Ndiyo inayozuia mkondo pale kiwambo kinapogusa stata, au kidole kinapogusa pini.

Hatua mbili za sauti

Kwa kila upande chukua valvu mbili: ECC81 moja na 6SN7GTB moja. Herufi za mwisho zina maana: GTA na GTB zinaruhusu volti 450 kwenye anodi, wakati GT ya kawaida ni 300.

ECC81: kathodi zote mbili (miguu inayotoa elektroni, pini 3 na 8) ziungane na kushuka kwenye rezista ya 51 kΩ 2 W hadi hasi 150. Anodi (pini 1 na 6) zipate 100 kΩ 1 W kila moja. Rezista hizo zilishwe kutoka 405 V kupitia 33 kΩ 1 W na kapasita ya 22 µF 500 V. Gridi ya pini 2 inapokea sauti kutoka potenshomita ya 50 kΩ, na gridi ya pini 7 inakwenda ethi. Hita: pini 4 na 5 pamoja, na 9.

Kila anodi inatoa sauti kupitia kapasita ya filamu ya 0.1 µF 630 V kwenda gridi ya 6SN7 (pini 1 na 4), na kila gridi ina 470 kΩ kwenda ethi. Volti 630 ni za lazima, kwa sababu kabla valvu hazijapata moto anodi zote hupanda hadi volti za laini nzima. Kathodi za 6SN7 (pini 3 na 6) ziungane kwenye 15 kΩ 5 W, ndiyo mkia, hadi hasi 150. Anodi (pini 2 na 5) zipate 33 kΩ 5 W kila moja kutoka 405 V. Hita ni pini 7 na 8. Mbele ya kila gridi, ya valvu zote mbili, lehemu 1 kΩ ikigusana na soketi yenyewe. Waya ukiwa mrefu hapo, mtetemo wa masafa ya redio hauko mbali.

Kutoka kila anodi ya 6SN7 pitia 0.1 µF 1000 V, halafu 1 MΩ kwenda ethi, halafu 5.1 kΩ hadi pini ya stata. Wengine huiacha ile 1 MΩ wakiona haifanyi kitu. Inafanya: ndiyo inayoiweka stata kwenye volti sifuri, na bila hiyo stata inaelea, na bayasi ya 580 haiwi 580 tena. Soketi ya hedifoni iwe ya Tefloni, na pini uzifuate kwa mchoro wa modeli yako bila kubahatisha.

Ukuzaji wote ni karibu mara 550 hadi 600, yaani dB 55. Mtoko wa juu ni volti 200 hivi kati ya stata, na kwa hedifoni ambayo V 100 huipa dB 101, hiyo ni dB 107.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Weka balbu ya waya ya W 40 au 60 kwa mstari na umeme wa ukutani, toa valvu zote, washa. Balbu ikiwaka kwa nguvu mfululizo, kuna shoti. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea kwa kupima laini tatu: ya 405, ya hasi 150 na ya bayasi. Bila valvu, mbili za kwanza zitakuwa juu kidogo: 420 hadi 450, na hasi 160 hivi. Zima, subiri, weka valvu, toa balbu, washa tena, subiri dakika mbili. Hedifoni bado iwe mezani.

Tarajia haya, ukivumilia tofauti ya asilimia 7: anodi za ECC81 volti 155, kathodi zake karibu +2. Anodi za 6SN7 volti 230, kathodi zake karibu +8, gridi sifuri. Bayasi ipime kabla ya ile 4.7 MΩ ya mwisho, kwa mita inayoruhusu volti 1000. Ukipima kwenye pini ya soketi kwa mita ya kawaida ya 10 MΩ utaona karibu 396, na wengi hapo hubomoa kazi nzuri. Bayasi ni salama. Mita na rezista zimegawana volti.

Mambo yanapokwenda kombo

Anodi moja ya 6SN7 iko 180 na mwenzake 280? Mkia wa 15 kΩ umeshikilia jumla ya mkondo, hivyo nusu moja ya valvu ikizidisha, nyingine hupungukiwa. Badilisha valvu kwanza. Ikibaki vilevile, toa 6SN7 na upime gridi: zikionekana zaidi ya volti 0.1, kapasita ya 0.1 µF 630 V iliyo kati ya valvu mbili inavuja. Anodi zote mbili zikiwa karibu na 390, kathodi hazipati hasi 150, kwa hiyo angalia 15 kΩ na transfoma ndogo, pamoja na fyuzi yake kama umeiwekea.

Mvumo mzito wa 50 Hz hutoka kwenye hita au mzunguko wa ethi. Funga rezista mbili za 100 Ω kutoka kila upande wa hita kwenda ethi, sokota waya zake, na uache sehemu moja tu ya ethi ya sauti kugusa kasha. Mvumo mkali zaidi wa 100 Hz ni kichujio: kapasita imechoka.

Sauti ya sikio moja ikiwa ndogo, badilisha kwanza waya za kuingizia sauti, kushoto kwa kulia. Udhaifu ukihama, tatizo liko kwenye chanzo. Usipohama, badilisha valvu za pande mbili. Bado haujahama? Pima rezista za 5.1 kΩ na kapasita za mtoko, kisha shuku hedifoni yenyewe. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, unyevu ndio mtuhumiwa wa kwanza: chaji huvuja kutoka kwenye kiwambo, sauti ya upande mmoja hufifia, wakati mwingine kwa mlio mwembamba au mchakacho hata pasipo muziki. Ziweke hedifoni siku kadhaa kwenye boksi linalofungwa pamoja na silika jeli. Vumbi na unywele hutoa mchakacho huohuo, na hizo haziondoki kwa kukausha.

Sauti za juu zikikwaruza pale tu unapofungua sauti sana, anodi zimeishiwa mkondo. Kwenye volti 200 rezista ya 33 kΩ peke yake inakula 4 mA kati ya 5.3 zilizopo, na kapasita ya hedifoni kwenye 20 kHz inadai karibu 4 nyingine. Fupisha waya za ndani na usiongeze kebo ya kurefushia. Dawa kamili ni kuweka kidhibiti mkondo cha 10M90S cha volti 900 mahali pa kila 33 kΩ, kikiwa na bamba la kupozea. Lakini hapo mkia wa 15 kΩ lazima ugeuzwe kuwa wa kurekebishika, maana tofauti ya 0.4 mA tu inahamisha anodi kwa volti 100.