Jinsi ya kupanga miaka ya utawala wa Alaafin Abiodun wa Oyo

Orodha moja ya wafalme (Alaafin) wa Oyo, dola ya Wayoruba katika Nigeria ya leo, itakuandikia Abiodun 1770–1789, nyingine 1774–1789. Usiharakishe kufuta mojawapo. Amua kwanza unahesabu kitu gani: kukalia kiti, au kuishika nchi. Abiodun alitawazwa wakati nchi iko mikononi mwa Gaha, Basorun, yaani mkuu wa Oyo Mesi, baraza la wakuu saba. Nchi aliishika 1774 Gaha alipoangushwa.

Uanze na mwaka huo, maana una mashahidi wawili wasiojuana. Arokin, wasimulizi wa ikulu, husimulia anguko la Gaha bila kutaja mwaka. Archibald Dalzel, Mskoti aliyefanya kazi Ouidah, bandari ya pwani katika Benin ya leo, aliandika kwamba 1774 wakuu wa Oyo walimpelekea mfalme mayai ya kasuku, ishara ya kumtaka ajiue. Mfalme akayakataa, wao ndio wakauawa. Simulizi inakupa majina, maandishi ya pwani yanakupa mwaka. Mwisho wa utawala, 1789, nao unaupata pwani.

Kosa kubwa ni kumgawia kila mfalme miaka sawa, tuseme 15, kisha kuhesabu kurudi nyuma. Kati ya 1754 hivi na kutawazwa kwa Abiodun walipita wafalme wanne, na Gaha ndiye aliyewamaliza. Awonbioju anasemwa alikaa siku 130 tu. Kwa hesabu ya wastani wanne hao wanakula miaka 60, na wewe una 16.

Ukishafunga ncha mbili, jaza katikati. Wayoruba husema enzi za Abiodun fedha ilipimwa kwa kibuyu, enzi za Awole aliyemfuata watu walifunga mizigo wakimbie. Fedha yenyewe ni simbi: 40 kwenye uzi mmoja, 2,000 fungu, 20,000 gunia. Kuzichota kwa kibuyu maana yake zilikuwa nyingi hadi kuhesabu kunachosha. Ila msemo huu ni wa watu waliokwisha kupoteza amani wakikumbuka nyuma, kwa hiyo usiuache peke yake: karibu nao andika 1783, mwaka Oyo iliposhindwa vitani na jirani yake Borgu, Abiodun akiwa bado kitini.

Picha za ikulu ya Oyo ya leo usizitumie. Abiodun alitawala Oyo-Ile, mji uliohamwa miaka ya 1830. Oyo ya sasa ni ya Atiba, Alaafin wa baadaye aliyehamishia makao huko.