Jinsi ya Kulinganisha Vyeo vya Marubani wa Kijeshi Kabla ya Kusimuliana Safari za Angani

Anayewaketisha marubani wa kijeshi wa nchi mbalimbali kwenye meza moja hapa Lubumbashi, wawe ni wastaafu wetu wenyewe au wageni waliovuka mpaka wa Kasumbalesa, hupatwa na tatizo kabla chakula hakijafika: nani ni mkubwa wa nani, na aitweje. Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa mkalimani katika karamu moja, nilimtambulisha mgeni wa Zimbabwe, ambaye cheo chake ni Group Captain, kwa neno la Kifaransa capitaine, naye akaketishwa miongoni mwa vijana ambao kwao angekuwa mkuu wa wakuu wao. Alikula bukari yake (ugali) kimya, na ni wakati wa kahawa tu ndipo kanali mmoja wa kwetu alipoona alama za mabegani mwake, akasimama na kumpigia saluti.

Kosa langu lilikuwa kutafsiri jina la cheo badala ya kuhesabu daraja. Anza chini kabisa, kwa afisa anayetoka chuoni, kisha panda daraja moja moja. Katika jeshi la Tanzania utapata luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali na kanali. Kongo, iliyorithi utaratibu wa Wabelgiji, ina sous-lieutenant, lieutenant, capitaine, major, lieutenant-colonel na colonel, na ngazi hizo mbili husimama sambamba bila shida yoyote. Ngazi ya Kiingereza ya jeshi la anga ndiyo inayopoteza watu, kwa kuwa sita zake za kwanza ni Pilot Officer, Flying Officer, Flight Lieutenant, Squadron Leader, Wing Commander na Group Captain. Ukihesabu utaona kwamba Flight Lieutenant ni wa tatu, kwa hiyo ni sawa na kapteni wala si luteni, na kwamba Group Captain ni wa sita, sawa na kanali.

Majina hayo yana asili yake. Uingereza iliunda jeshi la anga linalojitegemea tarehe 1 Aprili 1918 likitumia vyeo vya nchi kavu, na mwezi Agosti 1919 ikalipa majina yake lenyewe, mengi yakitokana na vikosi ambavyo afisa alitarajiwa kuviongoza. Kazi na jina vimeachana tangu zamani, kiasi kwamba Squadron Leader mara nyingi si mkuu wa skwadroni, kwa kuwa mwenye skwadroni kwa kawaida ni Wing Commander.

Usikisie kwa kutazama nani alitawaliwa na nani. Zambia na Zimbabwe zinatenganishwa na mto Zambezi na zote zilikuwa chini ya Waingereza, lakini rubani wa Zambia atakuambia yeye ni kanali na mwenzake wa Harare atajiita Group Captain. Kenya na Afrika Kusini ziko upande wa Zambia katika jambo hili, ilhali India, Nigeria na Ghana zimeshika majina ya Kiingereza. Nayo Kifaransa ina mitego yake. Major wa Kongo ni afisa wa daraja la nne, lakini major wa Ufaransa si afisa hata kidogo, bali ni wa juu kabisa katika sous-officiers, yaani askari wenye vyeo vilivyo chini ya afisa. Afisa wa Ufaransa aliye sawa na major wetu huitwa commandant. (Kapteni wa jeshi la majini ni sawa na kanali, lakini hilo tuliache, kwani Lubumbashi haina bahari.)

Vyeo vikishajulikana, viweke kando, maana ndani ya ndege cheo na kiti ni vitu viwili. Kapteni aliyepewa ukuu wa safari ndiye anayeamua kuondoka, kugeuka au kutua, hata kama nyuma yake ameketi kanali aliye abiria. Wanaozungumza Kifaransa humwita commandant de bord, na hiyo ni kazi, si cheo. Kwa hiyo, mzee anapoanza kisa chake, swali la kwanza liwe: "Mon colonel, siku hiyo ndege ilikuwa mikononi mwa nani?" Visa vingi vizuri nilivyovisikia vimejengwa juu ya jibu la swali hilo.

Swali la pili ni la vipimo. Niliwahi kuwaona marubani wawili wakikaribia kuitana waongo kwa sababu ya "mia tatu". Mmoja alizoea helikopta za Kirusi, ambazo saa zake za vipimo husoma mita na kilomita kwa saa. Mwenzake alifundishwa kwa futi na noti (maili za baharini kwa saa). Mita 300 ni karibu futi 1,000, lakini futi 300 ni mita 91 tu, na hapo miti unaihesabu matawi. Saa za kuruka nazo zilinganishwe kwa aina ya ndege: rubani wa ndege vita hurudi chini baada ya saa moja hivi, ilhali wa usafirishaji huweza kukaa angani nusu ya siku, kwa hiyo saa 2,000 za huyu si saa 2,000 za yule.

Meza ikiwa baridi, taja Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, mwezi Oktoba. Uwanja uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege huruka kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,200, ikila njia ndefu kabla ya magurudumu kuachana na lami. Kila rubani ana kisa cha mzigo aliolazimika kuupunguza. Au taja mwaka 1961, wakati Fouga Magister moja tu, ndege ndogo ya jeti ya mafunzo, ya Katanga iliyojitenga na Kongo, iliposumbua vikosi vya Umoja wa Mataifa hadi zikaletwa ndege za Sweden, Ethiopia na India. Wakati huo pia Wing Commander wa Kihindi alihitaji kujua kwamba överstelöjtnant wa Kiswidi ni mwenzake.

Kuhusu waliokufa, mwache msimuliaji awataje mwenyewe. Ukiandika kisa, msomee kabla hajaondoka, na umwombe asahihishe kwanza aina ya ndege, kisha kimo, kisha cheo alichokuwa nacho siku hiyo, kwa sababu wazee wetu wengi husimulia ujana wao wakiwa tayari wamevaa cheo walichostaafu nacho.