Kupima tungamo na kubadili vipimo bila kupoteza sifuri

Weka mizani juu ya meza ngumu isiyotikisika, mbali na feni na dirisha lililo wazi. Ikiwa ina kipovu cha usawa, zungusha miguu yake hadi kipovu kikae katikati ya duara, kwa sababu mizani iliyoinama husoma pungufu. Ya dijitali iwashe mapema itulie, na usiweke kitu kabla haijasoma sifuri.

Unga na vimiminika hupimwa ndani ya chombo. Weka chombo kikiwa kitupu, rudisha mizani kwenye sifuri, ndipo umimine. Kama haina kitufe cha kurudisha sifuri, toa mwenyewe: jumla g 385, chombo g 120, kilichomo ni g 265. Kitu cha moto kiache kipoe kwanza. Hewa inayopanda kutoka kwake hukifanya kionekane chepesi kuliko kilivyo.

Kwenye mizani ya mihimili mitatu (fimbo tatu, kila moja na uzani wake wa kusogeza), anza na uzani mkubwa. Usogeze hadi mhimili ushuke, kisha urudishe hatua moja. Fanya vivyo hivyo kwa ule wa makumi, halafu telezesha mdogo taratibu mpaka kielekezi kitulie kwenye sifuri. 200 + 40 + 6.3 ni g 246.3. Uzani usiposhika barabara kwenye pengo lake, jibu zima limeharibika.

Mizani inayosoma kwa hatua za g 1 haifai kupimia kitu cha g 2. Kosa la nusu gramu tu ni robo ya kitu chote. Pima vitu 50 vinavyofanana kwa pamoja, ugawanye kwa 50.

Sasa kubadili. Tani 1 ni kg 1,000, kg 1 ni g 1,000, g 1 ni mg 1,000, na mg 1 ni mikrogramu 1,000. Ukienda kwenye kipimo kidogo zidisha, ukienda kwenye kikubwa gawanya. (Hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu na sentigramu hupishana kwa 10, ila huzitumii mara nyingi.)

Wengi hukosea hapa: kg 2 na g 50 huandikwa kg 2.5. Hiyo ni kg 2 na g 500! Gramu huchukua nafasi tatu baada ya nukta, daima. Kwa hiyo ni kg 2.050; na kg 3 na g 7 ni kg 3.007. Kinyume chake, kg 0.4 jaza nafasi zilizobaki: 0.400, yaani g 400.

Usijumlishe vipimo mchanganyiko. Kg 1.2, g 350 na mg 4,500 zigeuze zote kuwa gramu: 1,200 + 350 + 4.5 = g 1,554.5, sawa na kg 1.5545.

Kwenye dawa, andika neno "mikrogramu" kwa ukamilifu. Alama yake, µg, ikiandikwa kwa mkono husomeka kirahisi kama mg, na mgonjwa akapewa dozi mara 1,000.